Ndege ya Lynyrd Skynyrd haikuteketea kwa moto

Wengi wanaosimulia habari za Lynyrd Skynyrd, bendi ya roki kutoka Jacksonville, Florida, husema ndege yao ililipuka na kuwateketeza wote. Si kweli. Nadhani dhana hiyo imetokana na jalada la albamu yao Street Survivors, iliyotoka tarehe 17 Oktoba 1977: wanamuziki wamesimama katikati ya moto. Siku tatu baadaye ndege ikaanguka, na jalada lile likabadilishwa.

Ndege hiyo ya kukodi, aina ya Convair, ilitoka Greenville, South Carolina, kwenda Baton Rouge, Louisiana, ikaishiwa mafuta njiani. Injini ya kulia ilikuwa na hitilafu, ikinywa mafuta kupita kawaida, na marubani hawakufuatilia kiasi kilichobaki. Ikaangukia msituni karibu na Gillsburg, Mississippi. Moto haukuwaka, ungewaka kwa kitu gani, matangi yakiwa makavu?

Kati ya watu 26 walikufa sita: marubani wawili, msaidizi wa meneja wa ziara, mwimbaji Ronnie Van Zant, mpiga gitaa Steve Gaines na dada yake Cassie, mwitikiaji. Mwaka 1987 baadhi ya walionusurika walirudi jukwaani, Johnny, mdogo wake Ronnie, akiwa ndiye mwimbaji.