Mnaosema "ajali siyo ugonjwa", hebu fungueni mkataba

Jana saa kumi na moja jioni nishafunga kompyuta naondoka, simu ikaita. Mama mmoja kutoka Muheza. Mume wake ni mwalimu, mwaka juzi alipanda mwembe pale nyumbani akadondoka, tangu siku hiyo kiunoni kwenda chini hakuna kitu, amepooza. Nikamwamkia, nikampa pole, nikamuuliza kama walishapeleka madai kwenye bima yao ya magonjwa hatari, ile inayolipa fedha za mkupuo ukipata hali iliyomo kwenye orodha yake. "Mwanangu, tulimuuliza yule aliyetuandikisha, akasema hii bima ni ya magonjwa, na mwalimu kaanguka, hajaugua. Basi tukaacha."

Wameacha mwaka na miezi mitatu. Ada ilikuwa inakatwa kwenye mshahara kila mwezi bila kukosa, mkataba umekunjwa kwenye bahasha kabatini, na watoto wanapokezana kumgeuza baba yao kitandani kila baada ya masaa mawili asije akapata vidonda.

Mimi nimekaa kwenye meza ya klemu, yaani ya kushughulikia madai ya bima, miaka tisa kabla sijahamia upande wa kuwasaidia wateja, na hii kauli ya "ajali siyo ugonjwa" nimeisikia mpaka basi. Mteja akiisema namuelewa, jina lenyewe la bima linamchanganya. Wakala akiisema, mtu aliyelipwa kamisheni kwa kuuza huo mkataba, hapo kwa kweli nakasirika.

Nikamwambia mama anipigie picha kurasa zote anitumie WhatsApp. Zikaja picha kumi na nne, nyingine zimekatika pembeni, nyingine kidole kimeziba. Ile niliyokuwa naitafuta ilikuwa ya tisa. Mkataba ni wa Kiingereza kama ilivyo kawaida yetu, nikamtafsiria neno kwa neno kwenye simu: kupooza maana yake ni kupoteza kabisa na kwa kudumu matumizi ya viungo viwili au zaidi, kutokana na ugonjwa au jeraha. Nikamuuliza, mama, umesikia hapo mwisho? Akakaa kimya, halafu akasema, "Au jeraha." Akarudia tena, "au jeraha."

Ndo hivyo. Bima ya magonjwa hatari ina orodha, na kila kitu kwenye orodha kina maelezo yake ya ni lini kinahesabika. Kinachoangaliwa ni hali uliyonayo, siyo njia iliyokufikisha hapo, labda pale tu ambapo maelezo yenyewe yametaja njia (na hilo nalirudia chini kwa sababu ndo linaloumiza watu). Haya mawazo ya magonjwa tu nadhani yanatoka kwenye asili yake. Bima hii ilianzia Afrika Kusini mwaka 1983, aliyeianzisha ni daktari wa upasuaji wa moyo, Marius Barnard, mdogo wake yule Christiaan Barnard aliyepandikiza moyo wa kwanza Cape Town mwaka 1967. Aliona wagonjwa wake wanapona halafu wanakwama kimaisha, kazi hakuna, madeni yamejaa, akataka walipwe fedha za mkupuo wakiwa hai. Orodha ya kwanza ilikuwa na vitu vinne tu: shambulio la moyo, kiharusi, saratani na upasuaji wa mishipa ya moyo. Siku hizi orodha zimefika thelathini na zaidi, na humo ndani kuna vitu ambavyo vinaweza kuletwa na ajali pia, siyo ugonjwa tu. Kupooza, upofu wa macho yote mawili, kupoteza viungo, kuungua vibaya, jeraha kubwa la kichwa, koma (kupoteza fahamu kabisa kwa muda mrefu). Mkataba wako unaweza kuwa na vyote, unaweza kuwa na viwili tu, sijui, ufungue.

Upande wa pili wapo wanaodhani kulazwa tu ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kunatosha. Hapana. Umevunjika paja, umewekwa chuma, umekaa hospitali wiki sita, pole sana, lakini bima hii haikulipi. Mguu mmoja ukikatwa, mikataba mingi bado hailipi kwa sababu inataka viungo viwili, juu ya kifundo. Kwa hayo kuna bima ya ajali binafsi, inalipa kwa asilimia kulingana na kilichopotea. Na gharama za matibabu ni kazi ya bima ya afya. Tusizichanganye.

Sasa lile linaloumiza. Kijana wa bodaboda kadondoka, kichwa kimegonga lami, damu imevuja ndani ya fuvu, kafunguliwa kichwa, kapona lakini mkono na mguu wa kulia havina nguvu na maneno yanatoka kwa shida. Ndugu wakimuangalia wanaona kiharusi, maana ndo anavyoonekana, na kwenye fomu ya madai wanaandika kiharusi. Kampuni inakataa. Na kwa herufi za mkataba kampuni iko sahihi, kwa sababu maelezo ya kiharusi kwenye mikataba mingi yana mstari mdogo unaosema dalili za ubongo zilizotokana na jeraha la nje hazihesabiki. Ile barua ya kukataa inafika, familia inalia, inanyamaza. Wakati kwenye orodha hiyohiyo, mistari michache chini, kuna kitu kinaitwa jeraha kubwa la kichwa! Makaratasi ni yaleyale, picha ya CT ni ileile, kilichokosewa ni jina walilojaza kwenye fomu. Nilishaona jalada la namna hii limefungwa, na aliyelifunga alijua kabisa kwamba kipengele kingine kipo, ila hakuulizwa. Kisheria sijui umkamate kwa lipi. Mimi naona ni dhambi.

Kwa hiyo usijaze jina la ugonjwa unalolijua wewe. Chukua orodha, mpelekee daktari bingwa, mwambie asome maelezo yenyewe halafu aandike ripoti inayojibu maelezo hayo. Kwa jeraha la kichwa mara nyingi wanataka kuona madhara ya kudumu baada ya wiki kadhaa au miezi mitatu, na wengine wanapima kwa shughuli za kila siku: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Ripoti inayosema "mgonjwa anaendelea vizuri" inakuua. Anaendelea vizuri ukilinganisha na nini? Daktari aandike kwamba hawezi kufunga vifungo vya shati bila kusaidiwa.

Kuungua kunahesabiwa kwa eneo la ngozi, kawaida angalau asilimia 20 na iwe imeungua mpaka chini kabisa. Mkono mzima ni 9, mguu mzima 18, kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama 1. Hakikisha kipimo kimeandikwa kwenye faili mapema.

Koma inanisumbua na sitaficha. Mikataba mingi inataka masaa 96 mfululizo bila mgonjwa kuitikia chochote huku akiwa kwenye mashine, na inatoa nje koma iliyoletwa na dawa za usingizi. Lakini mtu wa ajali mbaya anapofika ICU karibu kila mara anapewa dawa za usingizi ili mashine ya kupumulia ifanye kazi. Sasa masaa yapi ni ya jeraha na yapi ni ya dawa? Nimeshawauliza madaktari watatu nikapata majibu matatu. Hata neno "kudumu" lina tabu yake, uti wa mgongo ukishtuka mguu unaweza kulala kabisa halafu ukaanza kurudi taratibu, ndo maana kampuni inasubiri miezi, na kwenye kusubiri kule simlaumu mtu.

Mengine haraka. Kile kipindi cha kusubiri cha siku 90 baada ya kujiunga mara nyingi hakihusu ajali, lakini sharti la kuishi siku 14 au 30 baada ya tukio linabaki. Kujidhuru kwa makusudi na ulevi vinatolewa nje. Chukua PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) na nakala yake uitunze hata kama ulidondoka nyumbani kwako. Na kama umelipwa na WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) kwa sababu uliumia kazini, au bima ya gari lililokugonga imekulipa, hilo halipunguzi hata shilingi kwenye bima hii, kwa sababu hii ni kiasi kilichotajwa kwenye mkataba, siyo kurudishiwa gharama. Ukiambiwa "ulishalipwa kule", omba waandike hivyo kwenye barua.

Tukirudi kwa mwalimu. Mkataba wake unataka taarifa ndani ya siku 90, na zimeshapita mara nne na zaidi. Sijamdanganya mama, nimemwambia hapo ndo pagumu. Hoja yangu ni kwamba walitoa taarifa, walimwambia wakala wa kampuni mwezi uleule wa ajali, na bahati nzuri mama hafuti meseji. Anayo: "Shikamoo mama, hiyo ya kuanguka haimo, ni magonjwa tu." Ina tarehe na namba. Barua imeondoka leo asubuhi ikiwa na picha ya hiyo meseji, wakikataa tunakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ijumaa mwalimu anapelekwa Tanga mjini kwa daktari, na ukurasa wa tisa mama ameshaupiga kopi, ataubeba mkononi.