Je, wajua kwa nini bunduki mpya ya .22 huwa nzito kukoki?

Kijana wetu mmoja wa Malindi anayeishi Minnesota, Marekani, alimpigia simu ami yake, fundi wa mashine za boti. Amenunua bunduki mpya ya .22 (ndogo, ya risasi nyembamba ya upana wa kama inchi 0.22), ile inayojipakia risasi yenyewe kila inapofyatuliwa, na mkono wa kukokia hauvutiki ila kwa kukaza meno. Je, ameuziwa mbovu? Pengine si mbovu hata kidogo. Uzito ule kwa sehemu kubwa umewekwa makusudi.

Risasi ya .22 Long Rifle, iliyoanza kutengenezwa 1887, ni ndogo: kichwa chake cha kawaida hakifiki gramu 3. Bunduki kubwa za kujipakia, bolti yake (kipande cha chuma kinachoteleza mbele na nyuma na kuziba mtutu kwa nyuma) hujifunga barabara kabla ya mlio. Bunduki nyingi za .22 za aina hii hazina kufuli hilo. Bolti yake ni kama mlango usio na komeo, umeegemezwa gogo kwa ndani: anayesukuma ataufungua, lakini atachelewa. Uzito wa bolti na nguvu ya springi ndiyo hilo gogo. Moshi wa baruti unapolirudisha nyuma ganda (kile kifuko cha shaba kilichobeba baruti), kichwa cha risasi kimekwisha kutoka mtutuni na shinikizo limeshuka.

Kwa hiyo anayevuta mkono wa kukokia anashindana na springi hiyo. Wala si hiyo peke yake. Bolti ikirudi nyuma huilaza nyundo (kile chuma kinachoigonga pini ya kuwashia risasi), nayo nyundo ina springi yake, yenye nguvu zaidi. Hapo ndipo wengi hudhani pamekwama.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Toa magazini (kile kibweta cha risasi) kwanza, vuta bolti, tazama chemba (pale risasi inapokaa, nyuma ya mtutu) kwa macho na upapase kwa kidole kuwa hamna risasi, mtutu ukielekea pasipo na mtu. Iache bolti irudi, kisha uivute tena bila kugusa kifyatulio. Ikiwa mara ya kwanza ilikuwa nzito na ya pili ikaja kwa wepesi, ulichokuwa ukipambana nacho ni springi ya nyundo, ambayo sasa imekwisha kulala. Bunduki haina neno. Ikiwa zote mbili ni nzito, au bolti inakwaruza na kusita mahali pamoja kila mara, hapo pana msuguano wa kutafutwa.

Anza na mafuta. Kiwandani chuma hupakwa mafuta mazito ya kukinga kutu ghalani na safarini, si ya kulainisha mwendo. Sisi tunaokaa na hewa ya chumvi twayajua mafuta ya namna hiyo, na kwa joto letu yangejitiririkia yenyewe. Minnesota mwezi wa Januari huganda yakawa kama gundi. Dawa ni kuifungua bunduki kama kitabu chake kinavyoelekeza, kuyafuta yote, halafu kupaka mafuta mepesi tone moja moja pale tu chuma kinapokutana na chuma. Ukizidisha, masizi ya baruti yatanasa humo na uzito utarudi.

Jambo la pili husahaulika sana: skrubu inayoshika chuma kwenye mbao. Ikikazwa kupita kiasi, mwili wa bunduki huvutwa ukapinda kidogo sana, usiouona kwa jicho, nayo bolti ikabanwa. Ilegeze kidogo, ujaribu tena. Pia utazame ule ufito mwembamba wa chuma unaopita ndani ya springi ya bolti; ukipinda, springi husugua njia nzima.

Yaliyobaki ni ugeni wa chuma. Nyuso mbili zilizochongwa juzi zina vijimeno vidogo, na risasi mia kadhaa za mwanzo huvisaga. Katika kipindi hicho risasi za mwendo wa kasi husaidia. Zile za pole, zisizofikia kasi ya sauti, huenda zisiifikishe bolti nyuma kabisa, ndipo ganda tupu likabanwa kwenye tundu la kutokea maganda.

Kitu kimoja ami alikikataza kwa ukali: kukata springi ili iwe laini. Ganda la .22 lina ukuta mwembamba, kwa sababu kiwashio kimo ndani ya ukingo wake na pini lazima iuponde ukingo huo ndipo kiwake. Bolti ikifunguka mapema, shinikizo bado liko juu, ganda hupasuka na vipande vya shaba na moto humrukia mpigaji usoni. Springi ikizidi ugumu, au bolti ikiendelea kukwama baada ya kusafishwa, bunduki hurudishwa dukani ingali na dhamana.