Maana ya somo tangulizi katika shahada ya sayansi na uhandisi wa materiali

Somo tangulizi ni somo ambalo mwanafunzi wa chuo kikuu hana budi kulisoma na kulifaulu kabla ya kuruhusiwa kujisajili katika somo jingine linalolitegemea. Sharti hilo huandikwa katika prospektasi ya chuo, yaani kitabu cha mwongozo wa masomo yake, mara nyingi kwa mstari mmoja mdogo chini ya jina la somo, na wanafunzi wengi huupita bila kuusoma. Katika shahada ya kwanza ya sayansi na uhandisi wa materiali mstari huo una uzito kuliko idadi ya masomo yenyewe, kwa sababu ndio unaoonyesha ni somo lipi linaweza kusogezwa mbele bila madhara, na ni lipi ambalo likisogezwa huburuta mengine matatu au manne nyuma yake.

Fani hii huchunguza vitu ambavyo kwavyo vitu vingine hutengenezwa: chuma, saruji, plastiki, kioo, vigae, silikoni ya vifaa vya elektroniki. Huuliza maswali manne yaliyofungamana, yaani kitu kimepangikaje kwa ndani, kina sifa gani, kimechakatwaje, na kinafanyaje kazi kikishawekwa mahali pake. Ilikua kutoka katika metalojia, yaani sayansi ya metali, na huko Marekani idara za metalojia zilianza kubadili jina mwishoni mwa miaka ya 1950, Chuo Kikuu cha Northwestern kikiwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa. Mhitimu wa kidato cha sita anayetoka Mtwara au Lindi atakutana nayo nchini kwa majina tofauti: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya kwanza ya uhandisi wa metalojia na uchakataji wa madini, ilhali Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, hufundisha sayansi na uhandisi wa materiali katika ngazi za juu za uzamili na uzamivu. Jina likibadilika, mfuatano wa masomo ya msingi haubadiliki sana.

Ili kuona kwa nini mfuatano huo haubadiliki, tuchukue mfano wa nondo. Nondo nyingi za ujenzi wa siku hizi hupozwa ghafla kwa maji mara tu zinapotoka kwenye rola zikiwa bado nyekundu, kisha joto lililobaki katikati husambaa hadi kwenye ganda la nje na kulilegeza kidogo. Matokeo yake ni nondo yenye ganda gumu na kiini kinachokubali kupinda bila kukatika. Mwanafunzi anayetaka kueleza jambo hilo kwa hesabu, badala ya kulikariri, anahitaji kujua kwamba chuma chenye kaboni hubadili mpangilio wake wa ndani kinapoteremka chini ya nyuzi 727 za Selisiasi, na hayo husomwa kwenye mchoro wa awamu, unaoonyesha kitu kina mpangilio gani wa ndani katika kila joto na kila mchanganyiko. Mchoro wa awamu wenyewe hauelezeki bila thamodinamiki, yaani elimu ya joto na nishati, kwa kuwa mistari yake hupatikana kwa kulinganisha nishati za awamu, yaani za mipangilio hiyo tofauti. Na thamodinamiki haishikiki bila kemia ya jumla na kalkulasi. Upande wa pili, ganda la nondo limekuwa gumu kwa sababu atomu za kaboni hazikupata muda wa kuhama, na mwendo wa atomu ndani ya kitu kigumu hukokotolewa kwa milinganyo tofautishi, yaani milinganyo inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika, ambayo nayo hudai kalkulasi. Somo la uchakataji wa metali kwa joto, ambalo kwa kawaida huwekwa mwaka wa tatu au wa nne, limesimama juu ya matawi hayo mawili kwa pamoja, na hakuna mhadhiri anayeweza kulishusha hadi mwaka wa kwanza hata akipenda.

Ukihesabu hatua kutoka kalkulasi hadi mradi wa mwaka wa mwisho, utapata mnyororo wa hatua tano au sita, na kila hatua hula muhula mmoja kamili. Shahada ya miaka minne ina mihula minane. Kwa hiyo nafasi ya ziada katika mnyororo huo ni mihula miwili, pengine mitatu, hata kama jumla ya masomo yote ingeweza kugawanywa kwa urahisi zaidi. Hapo ndipo wengi hukosea wanapopanga: huhesabu masomo yaliyobaki, huyagawa kwa mihula iliyobaki, na kuridhika kwamba hesabu imekubali. Kinachopima urefu wa shahada ni mnyororo mrefu kuliko yote, wala masomo ya pembeni hayaongezi siku hata moja. Mwanafunzi aliyebakiza masomo kumi yasiyotegemeana yuko karibu na mahafali kuliko aliyebakiza manne yanayofuatana.

Kuna hoja kwamba katika vyuo vyetu haya yote si kazi ya mwanafunzi, kwa sababu chuo ndicho kinachopanga masomo ya lazima ya kila mwaka na darasa zima husonga pamoja, tofauti na Marekani ambako kila mmoja hujichagulia na kuchora ramani yake. Hoja hiyo ina ukweli kwa mwanafunzi ambaye kila somo analifaulu. Ratiba iliyopangwa na chuo imeuficha mnyororo, haijauondoa, na siku mtu anapofeli ndipo unapojitokeza. Akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, na kuufaulu kabla ya mwaka mpya kuanza, hakuna kilichoharibika. Akilazimika kulibeba somo hadi mwaka unaofuata, wanachokiita kukeri, mambo hutegemea kabisa mahali somo lilipo. Stadi za mawasiliano zinaweza kubebwa bila kugusa kitu kingine. Thamodinamiki ikibebwa, michoro ya awamu inasubiri, na kwa kuwa masomo mengi ya uhandisi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, kusubiri huko ni mihula miwili, yaani nafasi yote ya ziada iliyokuwapo. Kwa familia ya Newala au Tandahimba inayolipa ada kwa fedha za korosho, mwaka huo ni msimu mzima mwingine.

Kando ya somo tangulizi kuna somo sambamba, ambalo linaweza kusomwa katika muhula uleule na somo linalolihitaji. Maabara ya sifa za kimakanika, kwa mfano, mara nyingi huwa sambamba na nadharia yake. Tofauti hii ni ndogo kwenye karatasi, lakini inaweza kuokoa muhula mzima, na inafaa kumwuliza mshauri wa masomo waziwazi ni sharti lipi kati ya hayo mawili linalokusudiwa, maana prospektasi haziandikwi kwa uangalifu ule ule kila ukurasa.

Uzito wa somo nao ni jambo tofauti na nafasi yake katika mnyororo. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, ndani na nje ya darasa, na mwaka wa masomo hubeba krediti 120. Somo la krediti 8 linaweza kuwa kiungo ambacho nusu ya shahada imening'inia, na lile la krediti 12 likawa halina kinacholifuata. Anayegawa muda wake wa kusoma kwa kufuata krediti peke yake atajikuta ametanguliza somo ambalo lingeweza kungoja.

Masomo ya hiari ndipo mpango unapokuwa mali ya mwanafunzi mwenyewe, na hapo njia bora ni kupanga kwa kurudi nyuma. Kusini mwa Tanzania kuna maswali ya kutosha ya kuanzia. Maganda ya korosho yana mafuta mazito yenye fenoli asilia ambayo hutumika kutengenezea gundi za viwandani na pedi za breki. Anayetaka kufanya mradi wake juu ya hayo anahitaji somo la polima mwaka wa tatu, na ili alipate anahitaji kemia ogania mwaka wa pili, mwaka ambao wahandisi wengi huikwepa. Madini ya kinywe, yaani grafiti, yaliyoko Ruangwa ni kaboni iliyojipanga kwa tabaka, na ni tabaka hizo zinazopokea lithiamu katika upande hasi wa betri za simu na magari. Njia ya kuufikia mradi wa aina hiyo hupitia masomo ya fuwele, eksirei na kemia ya umeme. Kemia ya umeme hiyohiyo ndiyo inayoeleza kutu ya mabati na vyuma pwani ya Mikindani, pamoja na kinga ya bomba la gesi la inchi 36 linalotoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa kutoka ukanda huu asiyejua bado atabobea katika nini angefanya vema kuchukua kemia ya umeme mapema, kwa sababu hufungua milango mingi kuliko masomo mengine ya hiari.

Mafunzo kwa vitendo hayaitwi somo tangulizi katika prospektasi, lakini nayo yana utaratibu wake wa kutangulia na kutanguliwa. Katika kiwanda cha saruji cha Dangote kilichoko Mtwara tanuri hufikisha mawe ya chokaa na udongo kwenye joto la karibu nyuzi 1450, na klinka, yaani vinundu vigumu vinavyotoka humo, husagwa pamoja na jasi ili saruji isigande mapema mno. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma michoro ya awamu atauliza kwa nini joto liwe hilo na si nyuzi 1200. Ambaye bado hajaisoma ataona moto na vumbi. Ni busara basi kuomba nafasi ya tanuri baada ya mwaka wa pili au wa tatu, na mwaka wa kwanza kuutumia karakana au maabara ya kupima zege.

Sharti la kwanza kabisa hukaa nje ya chuo, nalo ni tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita. Aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) ameingia na hisabati ya juu mkononi, ilhali wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) alisoma hisabati tumizi ya msingi, na shahada nyingi za uhandisi hazimpokei. Wenye stashahada za ufundi huja na mikono iliyozoea kazi, lakini wengine wao kalkulasi waliyoisoma haikufika mbali, na hata chuo kikiwaruhusu kuanzia mwaka wa pili, milinganyo tofautishi huwasubiri muhula wa kwanza. Wanaoomba kwa njia hiyo waulize, kabla ya kujisajili, ni masomo yapi wamesamehewa na ni yapi yanayoyategemea hayo.