Kwa nini ufunguo uliochongwa vizuri hufungua mlango wa gari lakini hauwashi injini?

Mjini Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, kuchongesha ufunguo wa nyumba au wa kufuli ni kazi ya dakika chache. Fundi aliyeweka mashine yake kando ya barabara, karibu na soko la mtaa wa Kenya au penginepo, hubana ufunguo wa zamani upande mmoja na kipande kipya upande wa pili, kisha gurudumu la kukatia hufuata meno ya ule wa kwanza hadi ya pili yafanane nayo. Mtu aliyenunua Toyota Noah au Nissan X-Trail iliyotumika, akakabidhiwa ufunguo mmoja tu, hutarajia kwamba wa pili utapatikana kwa njia hiyo hiyo. Anachongewa, anarudi kwenye gari, mlango unafunguka, swichi inazunguka bila kukwama, stata inavuta, injini inanguruma sekunde moja au mbili, halafu inazimika, huku taa ndogo nyekundu yenye alama ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi. Akimrudia fundi kwa hasira, huenda akajibiwa: «Papa, funguo ni ile ile, ni motoka njo inakatala.» Jibu hilo husikika kama kisingizio, lakini ni la kweli.

Gari linakataa kwa sababu meno ya chuma ni nusu tu ya ufunguo. Ndani ya kichwa cha plastiki mna chipu, ambayo katika magari mengine ni kibonge cheusi na katika mengine ni kichupa cha kioo chenye urefu wa sentimita moja hivi. Chipu hiyo haina betri. Kuzunguka tundu la swichi, chini ya mfuniko wa usukani, kuna pete ya waya ambayo hutoa mawimbi ya sumaku kila unapogeuza ufunguo, kwa masafa ya kilohezi 125 katika magari mengi na kilohezi 134.2 katika mengine. Mawimbi hayo huzalisha umeme kidogo katika waya mwembamba wa chipu, chipu ikaamka na kujibu, yote hayo katika umbali wa sentimita chache na kabla stata haijamaliza mzunguko wake wa kwanza. Ndiyo maana betri ya rimoti ikiisha, gari la kuzungusha ufunguo huendelea kuwaka kama kawaida: betri hiyo ni ya vitufe vya milango, wala haihusiani na chipu.

Anayetaka kujua kama gari lake lina mfumo huo, ambao mafundi huuita imobilaiza au, kwa wale waliojifunza kazi kwa Kifaransa, antidemaraje, anaweza kuzungushia kichwa cha ufunguo karatasi ya alumini ya jikoni mara tatu au nne, akaacha meno wazi, kisha akajaribu kuwasha. Ikiwa chipu imo, kwa kawaida injini haitawaka au itawaka na kuzimika mara moja, kwa kuwa alumini imezuia mawimbi. Ikiendelea kunguruma bila shida, yaelekea ufunguo ni wa chuma tu, na fundi wa kando ya barabara anatosha. Ukubwa wa kichwa cha plastiki usikudanganye, maana vipo vichwa vinene visivyo na kitu ndani.

Lakini chipu hujibu nini? Katika mifumo ya mwanzo ilitamka namba moja isiyobadilika, na yeyote aliyeweza kuisoma namba hiyo aliweza kuiandika kwenye chipu nyingine. Watengenezaji walitambua udhaifu huo mapema, wakabadilisha utaratibu. Sasa kompyuta ya gari hubuni namba yoyote na kuituma kwa chipu. Chipu huichanganya na namba ya siri iliyohifadhiwa ndani yake, kisha hurudisha matokeo. Kompyuta, ambayo inaijua siri hiyo hiyo, hufanya hesabu ile ile upande wake na kulinganisha. Majibu yakilingana, inaruhusu mafuta na cheche, yasipolingana, inavikata. Kwa vile swali hubadilika kila mara, jibu lililonaswa jana halifai kitu leo, na siri yenyewe haitamkwi hata mara moja hewani.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Kwa kawaida, ufunguo wa pili wa gari la namna hii hautengenezwi kwa kuiga ule wa kwanza peke yake; sharti gari lenyewe likubali kuandika chipu mpya katika kumbukumbu yake. Kuchonga ni kazi inayofanyika juu ya chuma, ilhali kusajili ni kazi inayofanyika ndani ya gari, na mwenye gari analipia kazi mbili hata kama zimefanywa na mtu mmoja.

Nisieleweke vibaya kwamba siri hizo hazivunjiki. Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya kampuni ya RSA nchini Marekani walionyesha kwamba chipu ya Texas Instruments yenye siri ya biti 40 (yaani tarakimu 40 za 0 au 1), iliyokuwa katika mamilioni ya magari, inaweza kufumbuliwa kwa kompyuta, na waliwasha gari la Ford kwa chipu ya kuigiza. Baadaye siri zilirefushwa, nyingine zikafika biti 128. Kwa chipu za zamani, hata hivyo, matokeo ya ufumbuzi huo yako leo mikononi mwa mafundi wa kawaida: mashine ndogo husoma ufunguo wako, hutafuta siri yake, na kuiandika kwenye chipu tupu. Ufunguo uliopatikana hivyo huitwa wa kunakili, na gari haliwezi kuutofautisha na ule wa awali. Ni njia ya haraka na mara nyingi ya bei nafuu, lakini ina upungufu ambao wateja wachache huambiwa: kwa gari, funguo hizo mbili ni ufunguo mmoja, kwa hiyo mmoja ukipotea huwezi kuufuta bila kuufuta na ule uliobaki nao.

Kwa nini basi magari mawili ya aina moja, yaliyopita mpaka wa Kasumbalesa, kati ya Zambia na Kongo, wiki moja, yanaweza kuwa tofauti kabisa katika jambo hili? Sababu ni sheria za kule yalikouzwa mara ya kwanza. Nchini Ujerumani imobilaiza ilianza kudaiwa katika magari mapya mwaka 1995, Umoja wa Ulaya uliilazimisha mwaka 1998, Australia mwaka 2001, na Kanada mwaka 2007. Japani na Marekani hazikuweka sharti hilo, bali ziliwaachia watengenezaji na wanunuzi. Ndiyo sababu magari mengi ya Kia na Hyundai yaliyouzwa Marekani kati ya 2011 na 2021 hayakuwa na chipu, na kuanzia 2021 vijana wakaanza kuyaiba kwa wingi huku wakionyeshana mbinu kwenye TikTok. Magari yetu mengi hapa yana usukani wa kulia, yaani yalitengenezwa kwa soko la Japani na kuletwa kupitia Dar es Salaam; kwa hiyo gari la bei ya chini laweza kuja na ufunguo wa chuma tu, na jingine la jina lile lile na mwaka ule ule, ila la daraja la juu, likaja na chipu. Jina lililoandikwa nyuma ya gari halikuambii lolote. Anayekutajia bei ya ufunguo kabla ya kuliona gari anakisia.

Kusajili kwenyewe hufanyika hivi. Fundi huunganisha mashine yake kwenye tundu la uchunguzi lililo chini ya dashibodi upande wa dereva, na kabla kompyuta haijapokea ufunguo mgeni, hudai uthibitisho. Uthibitisho huo hutofautiana kwa kila kampuni. Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zilitoka kiwandani na ufunguo mkuu na ufunguo mdogo wa kumpa mwegeshaji: zote mbili huwasha injini, lakini ule mkuu pekee ndio unaoruhusu kusajili mwingine. Nissan hutaka namba ya siri ya gari, Peugeot hutaka msimbo wa herufi na tarakimu nne uliokuwa kwenye kadi ya mnunuzi wa kwanza, na Ford nyingi za Marekani humruhusu mwenyewe kuongeza wa tatu bila mashine yoyote, mradi anazo mbili zinazofanya kazi. Sasa tazama gari lililotumika lilivyo: kadi ya msimbo ilibaki Ulaya, kibati kidogo chenye namba ya ufunguo kilibaki Japani, na gari limepita mnada, meli, bandari na madereva wa njia ya karibu kilomita 2,000 kutoka Dar es Salaam hadi hapa. Kinachomfikia mnunuzi ni ufunguo mmoja, na wakati mwingine si hata ule mkuu.

Maadamu huo mmoja upo na unafanya kazi, mambo ni mepesi. Ukipotea, kazi hubadilika sura. Katika Toyota nyingi, mashine huiomba kompyuta isahau funguo zote, na kompyuta huchelewesha makusudi kwa takriban dakika 16, ili mwizi asiweze kufanya hivyo kwa haraka. Katika zile za zamani zaidi hata ombi hilo halipokelewi. Fundi hulazimika kuifungua kompyuta, kuitoa kwa moto wa kulehemu chipu ndogo ya kumbukumbu, kuisoma, kuiandika upya na kuirudisha mahali pake. Kazi hiyo hudai mkono uliotulia na betri ya gari iliyo hai. Umeme ukishuka katikati ya uandishi, kumbukumbu yaweza kuharibika na gari likawa halitambui ufunguo wowote. Na katika mtaa ambao umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, umekatika na chaja haifanyi kazi, ni heri kuazima betri nzuri ya gari jingine kuliko kubahatisha. Mwenye ufunguo mmoja anayeahirisha kutengeneza wa pili kwa sababu ya gharama, kwa maoni yangu, anaahirisha gharama ndogo ili aje alipe kubwa, tena siku ambayo gari limekwama mji mwingine, kama Likasi.

Rimoti ni habari nyingine, na huchanganya wengi. Vitufe vya kufunga milango hutumia redio yenye masafa yake, ambayo kwa magari ya Japani huwa karibu na megahezi 315 na kwa ya Ulaya megahezi 433.92. Ufunguo wa gari la Ulaya unaweza kufanana kwa sura na wa gari lako la Kijapani, meno yakachongwa sawasawa, na bado vitufe visisikike kamwe. Kuhusu funguo kuukuu zinazouzwa sokoni, zichukulie kama maganda tu, kwani aina nyingi za chipu zikishafungwa kwa gari moja hazikubali jingine bila kifaa maalumu cha kuzifungua, na nyingine hazikubali kabisa.

Ipo pia njia ya mkato: chipu ya ufunguo wa awali hutolewa na kubandikwa kwa gundi karibu na ile pete ya swichi, ndani ya mfuniko wa usukani, ili ufunguo wowote wa chuma uwashe gari. Hufanya kazi, na hilo silikatai, lakini kuanzia hapo imobilaiza huona chipu halali wakati wote, na anayevunja swichi kwa bisibisi huondoka na gari. Kabla ya kununua gari kwa mtu, fungua ufunguo wake uone kama kichwa hakijabaki kitupu.

Faida ambayo watu huisahau ni kwamba kumbukumbu inayopokea funguo ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuzifuta. Mashine nyingi humwonyesha fundi idadi ya funguo zilizosajiliwa. Ikiwa wewe unao mmoja na kompyuta inahesabu tatu, nyingine mbili ziko kwa mtu usiyemjua, labda Japani, labda karibu zaidi. Omba zifutwe zote, kisha zisajiliwe upya zile zilizo mkononi mwako tu. Mwenye taksi anayebadilisha madereva ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, kwa kuwa ufunguo uliorudishwa hauonyeshi kama ulikwisha kunakiliwa. Na ule wa kunakili hufutika pale tu wa asili unapofutwa nao na kubadilishwa kwa chipu mpya. Meno ya chuma yatazidi kufungua mlango, kwa hiyo mali haiachwi kwenye kiti, lakini gari halitaondoka kwa injini yake.

Wakati wa kupokea kazi, zitenganishe funguo kabla ya kujaribu. Zikiwa kwenye pete moja, gari laweza kuisoma chipu ya ule wa zamani unaoning'inia kando ya swichi, ukadhani mpya umekubaliwa. Mpe mtu ule wa zamani asimame nao mbali, washa kwa mpya, acha injini ingurume walau dakika moja, zima, subiri taa ya ufunguo ianze kumetameta, safari hii ikiwa ishara kwamba imobilaiza imejifunga, washa tena. Kisha mpya ndio uende mbali na wa zamani ujaribiwe, kwa sababu katika kufuta na kusajili upya hutokea ukaachwa nje. Baada ya hapo mlipe fundi.