Eksirei za M82 hazitoki kwa nyota changa

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu aliyesoma fizikia: galaksi inayofyatua nyota kwa kasi, kama M82, inang'aa kwa eksirei kwa sababu nyota changa ni za moto sana, sivyo? Sivyo! Uso wa nyota changa kubwa una nyuzi kama 40,000. Joto hilo hutoa urujuanimno. Eksirei hudai nyuzi milioni kadhaa, na zile chache zitokazo kwenye pepo za nyota hizo (gesi inayopeperushwa kutoka usoni mwao) ni tone baharini.

Juu ya kiloelektronivolti 2 (kipimo cha nishati ya eksirei), mwanga mwingi hutoka kwa wafu. Nyota kubwa huishi miaka milioni chache, hulipuka, huacha nyota ya nyutroni (kiini kidogo kilichobanwa mno) au shimo jeusi, na maiti hiyo huinyonya gesi nyota mwenzake iliyo hai. Wenza hawa nao hawadumu, ndiyo maana eksirei hupanda na kushuka pamoja na kasi ya uzazi. Hapo ndipo watu wanapopotea, wakidhani nyota changa zenyewe ndizo zinazong'aa.

Linaloniudhi zaidi ni hili la kila nukta kali ya eksirei kuitwa shimo jeusi. M82 X-2, nukta mojawapo ndani ya M82, iliitwa hivyo kwa miaka, kwa hoja kwamba hakuna kitu chepesi kinachoweza kung'aa hivyo. Mwaka 2014 darubini ya NuSTAR ikakuta inapiga kila sekunde 1.37. Shimo jeusi halina uso wa kupiga mapigo namna hiyo. Ni nyota ya nyutroni, inayong'aa takriban mara 100 ya kikomo cha Eddington, yaani mng'ao ambao kwa kawaida ungeisukuma nje gesi inayoanguka. Basi mng'ao peke yake usikupe uzito. Tafadhali.

Halafu kuna gesi ya moto inayofuka juu na chini ya sahani ya M82, na ya NGC 253, galaksi nyingine ya aina hiyo, pia. Hapa vitabu vinajiamini kupita kiasi. Mng'ao hufuata mraba wa msongamano, kwa hiyo upepo wenyewe, uliosukumwa na supanova (milipuko ya nyota), ni mwembamba mno na hauonekani kirahisi. Mstari wa chuma (alama ya atomi za chuma kwenye spektra) wa kiloelektronivolti 6.7 katikati ya M82 ni miongoni mwa dalili zake chache. Tunachopiga picha zaidi ni pale unapogongana na gesi baridi. Tena sehemu ya mwanga huo si ya joto kabisa: ioni za oksijeni hunyakua elektroni kutoka gesi hiyo baridi. Ukiufasiri wote kama joto, kiasi cha metali (elementi nzito kuliko heliamu) unachokokotoa kinaharibika, na makala nyingi za zamani, ninazozitegemea hadi leo, zilifanya hivyo.