Kabla ya Kununua Kompyuta Nyingine ya Kamera, Ikague Chipu ya Picha

Una kamera nne: mbili getini, moja uani, moja mlangoni pa duka. Zinarekodiwa na kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, ya aina zinazouzwa Kariakoo au Luthuli. Feni inaunguruma kutwa kucha, na siku unayotafuta rekodi ya mtu aliyeruka ukuta unakuta picha zinarukaruka, au pana pengo la dakika nzima. Fundi anakwambia mashine imezidiwa, tafuta kubwa zaidi. Subiri kwanza. Huenda ndani ya mashine hiyohiyo mna sehemu iliyoundwa kwa kazi hii hasa, nayo imelala.

Kamera hubana video kwa mtindo wa H.264 au H.265 ili ipite kwenye waya au Wi-Fi bila kuujaza mtandao. Programu ikitaka kujua kama aliyepita ni mtu au paka, lazima kwanza iifumue. Kamera moja ya 1920 kwa 1080 yenye fremu 25 kwa sekunde hutoa pikseli zaidi ya milioni 51 kila sekunde. Kamera nne zinapita milioni 200. Prosesa ikiachiwa mzigo huo peke yake inachemka. Ndiyo maana Intel, tangu 2011, huweka ndani ya prosesa zake nyingi sehemu ya kufumua video iitwayo Quick Sync, iliyomo kwenye chipu ya picha. Ila soma jina la prosesa yako vizuri: zinazoishia na herufi F hazina chipu ya picha kabisa.

Nitatumia mfano wa Frigate, programu ya bure ya kurekodi kamera na kutambua kilichomo, inayopendwa na wengi. Huendeshwa ndani ya Docker, mfumo unaotenga kila programu kwenye kontena lake, na hutegemea programu nyingine, FFmpeg, kufumua video. Kamera zikiwa zinafanya kazi, endesha amri ya `intel_gpu_top` kwenye Linux na utazame mstari wa Video. Ukisoma sifuri muda wote, chipu haifanyi lolote. Mwenye kadi ya NVIDIA atumie `nvidia-smi`.

Kosa ninalolikuta zaidi liko mlangoni. Kontena la Docker ni kama chumba kilichofungwa: usipolipitishia kifaa, halikioni. Kwenye Intel kifaa hicho ni `/dev/dri/renderD128`. Kikiwapo nje lakini hakijaandikwa kwenye sehemu ya `devices` ya mipangilio ya kontena, kiongeze. Kisipokuwapo hata nje, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwani kompyuta iliyowahi kufungwa kadi ya picha huweza kuwa imezimiwa chipu yake ya ndani. Ikiwa una chipu mbili, unayoitaka inaweza kuwa `renderD129`. Na tafadhali usilipe kontena mamlaka yote ya mashine ili tu tatizo liishe. Programu inayoona nyumba yako usiku na mchana ipewe kifaa kimoja inachohitaji, basi.

Ukishapita hapo, endesha `vainfo` ndani ya kontena; ni amri inayoorodhesha aina za video ambazo chipu inazimudu. Ikirudisha kosa, shuku draiva, yaani programu inayoiwezesha mashine kuitumia chipu. Intel ina mbili: `iHD`, inayohudumia prosesa za kizazi cha 5 kwenda juu, na `i965` ya zamani. Mashine nyingi za ofisini za kizazi cha 4 zinahitaji hiyo ya pili, nawe huichagua kwa kuandika `LIBVA_DRIVER_NAME=i965` kwenye mipangilio ya kontena.

Ikijibu vizuri, soma orodha yake. Kama hakuna mstari wenye HEVC, jina lingine la H.265, chipu haifumui H.265, na hakuna mpangilio utakaoibadilisha. Ingia kwenye kamera yenyewe uihamishie H.264. Kwenye Raspberry Pi 5, kompyuta ndogo ya bodi moja, ni kinyume: inafumua H.265 kwa maunzi, lakini H.264 huangukia prosesa. Tena, ukiandika `preset-intel-qsv-h264` kwenye mipangilio ya Frigate huku kamera inatuma H.265, utaishia kuona skrini bila picha. Kwa Intel, `preset-vaapi` inapokea zote mbili, nami huanzia hapo.

Kuna wanaofanya yote haya na prosesa bado inachemka. Hapo wanachanganya kazi mbili. Kufumua video ni kazi moja. Kutambua kilichomo ni nyingine, nayo usipoipangia chipu yake hufanywa na prosesa. Chipu nyingi za Intel, ila si zile za zamani, zinaweza kuibeba kupitia OpenVINO, programu ya Intel ya kazi za utambuzi. Ukurasa wa mfumo wa Frigate huonyesha mzigo wa FFmpeg kwa kila kamera na kasi ya utambuzi kwa milisekunde, kwa hiyo utaona mwenye kosa ni nani.

Halafu punguza kazi yenyewe. Kamera nyingi hutoa mkondo wa pili mdogo. Utambuzi upewe huo, kwa mfano 640 kwa 360 na fremu 5 kwa sekunde: mzigo unashuka mara 45. Mkondo mkubwa uachiwe kurekodi, kwa sababu kurekodi ni kunakili tu data kwenye diski bila kuifumua.

Ukikwama ukaomba msaada kwenye kundi la mafundi, utaombwa faili la mipangilio. Lisome mstari kwa mstari kabla ya kulituma. Anwani inayoanza na `rtsp`, ambayo Frigate huchukulia video ya kamera, kwa kawaida hubeba jina na nywila ya kamera yako. Vifute. Kama ulishavituma, badilisha nywila leo hii.