Kipindupindu Hakisubiri Kikao: Maswali na Majibu Kuhusu Kujiandaa na Dharura za Afya Wilayani

Kila mwaka kabla ya masika huwa tunazunguka shehia kwa shehia hapa Pemba, tunazungumza na masheha na kamati zao, walimu wa skuli, na yeyote tunayemkuta barazani. Kazi yangu ni afya ya mazingira. Watu wananiita bwana afya tu, nami nimeshazoea. Haya ni maswali yanayorudi mara nyingi, na nimeyajibu hapa kwa utulivu kuliko nilivyoyajibu siku ile nikiwa nimesimama juani.

Bwana afya, dharura ya afya ndiyo ipi? Maana watu wanaumwa kila siku.

Kuumwa kwa kila siku kuna vituo vyake. Mtu mmoja akianguka mnazi, hiyo ni kazi ya hospitali. Lakini mwezi wa Machi 2024, pale Kisiwa Panza, watu walikula nyama ya kasa. Watoto 8 na mtu mzima mmoja wakafariki, na watu 78 wakalazwa. Hapo daktari peke yake hatoshi. Inatakiwa boti ya kuvusha wagonjwa, gari inayosubiri upande wa pili, vitanda, sheha wa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani mwengine kala, na sauti inayoaminika ya kusema nyama iliyobaki isiguswe. Jambo likifika mahali ambapo kituo kimoja na ofisi moja haviliwezi, na kila saa inahesabika, hiyo ndiyo dharura.

Na madhali tumelitaja: sumu ya kasa haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na haina dawa ya kuipinga. Watoto ndio inaowamaliza haraka, hata anayenyonya anaweza kuipata kwa mama aliyekula. Novemba 2021 watu 7 walifariki hapa hapa Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Wazee wataniambia wamekula kasa miaka yote. Ni kweli, kasa wengi hawana sumu. Tabu ni kwamba mwenye nayo humjui kwa kumtazama.

Likitokea jambo, mkubwa ni nani? Daktari au mkuu wa wilaya?

Kila mmoja ana pahala pake. Sheria Na. 1 ya 2015, iliyoanzisha Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, imeweka kamati hadi ngazi ya wilaya na shehia. Mkuu wa wilaya ndiye anayeweza kuwaita kwa simu moja polisi, baraza la mji, skuli na wenye vyombo vya baharini, wote wakaja. Timu ya afya ndiyo inayosema maradhi ni yapi, yanaambukizaje, na nini kifanywe kwanza. Sheria ya Afya ya Jamii na Mazingira, Na. 11 ya 2012, inampa ofisa afya nguvu ya kukagua na kuzuia. Baraza la mji lina taka, masoko na magari.

Ugomvi huanza kwenye jambo moja: nani azungumze na waandishi wa habari. Amueni siku ya amani. Awe mmoja, na wengine wote waseme, "Muulizeni fulani."

Mimi ni sheha. Nimepigiwa simu saa mbili usiku, nyumba moja watu watatu wanaharisha na kutapika. Nianzie wapi?

Piga simu kituo cha afya usiku huo huo. Usingoje asubuhi na wala usingoje uhakika. Masheha wengi wanaogopa kuonekana wamepiga kelele bure, kwa hiyo wanasubiri mgonjwa wa nne, halafu wa tano. Kipindupindu kinaweza kumkausha mtu mzima mwenye afya yake akafa ndani ya saa chache. Wakishatokea watu wawili wa eneo moja, wenye umri wa miaka 2 na kuendelea, ndani ya wiki moja, wakaharisha maji mpaka wakakaukiwa vibaya au wakafa, sisi tunahesabu kuwa ni mlipuko unaoshukiwa na tunatoka. Ukikuta ni chakula kilichochacha tu, tutarudi, tutakushukuru, na mwakani utapiga tena.

Kwenye simu sema wangapi, umri wao, wameanza lini, wanakunywa maji ya wapi, na kama kuna aliyesafiri au aliyehudhuria shughuli. Sampuli itakwenda Maabara ya Afya ya Jamii pale Wawi, ambayo ipo tangu mwaka 2000, lakini matibabu hayasubiri majibu ya maabara. Gari ikiwa njiani, mgonjwa anywe chumvichumvi, yaani ORS, ile dawa ya pakti ya kurudisha maji mwilini. Kama hakuna pakti nyumbani, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo bila kukoma. Akitapika, mpe dakika kumi, kisha endelea. Aliyelegea, macho yameingia ndani na hawezi kunywa, huyo anataka dripu na hana muda. Akipata tiba mapema, wanaokufa kwa kipindupindu hawafiki 1 katika 100.

Mnasema mna mpango. Huo mpango uko wapi?

Swali hili aliniuliza bibi mmoja wa kijiji cha Mwambe, na lilinikaa. Mpango ni kitabu kizuri chenye jalada, kiko kabatini. Lakini mpango wenyewe, ule unaofanya kazi usiku, ni karatasi moja ya namba za simu.

Siku moja tukaamua kuijaribu. Tukakaa ofisini, tukatia spika, tukaanza kupiga namba moja moja kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Ya kwanza ilipokelewa. Ya pili haipatikani. Ya tatu ilikuwa ya dereva wa gari ya wagonjwa, akapokea mtoto. "Baba yupo?" "Yuko kazini, Bububu." Dereva alikwishahamia Unguja zamani, na sisi jina lake tumelibandika ukutani Pemba kwa gundi. Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Tangu siku hiyo orodha yetu ina mambo matatu. Kila kazi ina watu wawili, mkubwa na wa akiba. Kila miezi mitatu mtu anakaa na kupiga namba zote, na isiyopokelewa inafutwa papo hapo kwa kalamu nyekundu. Na zimo namba za watu wasio wa serikali: wenye boti, muadhini wa kila msikiti mkubwa, mwenye bohari ya maji, fundi wa jenereta. Meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, miongoni mwa waliowahi majini kuokoa walikuwa wavuvi na wenye boti za watalii. Orodha isiyo na wavuvi katika visiwa hivi haijakamilika.

Kwa nini mnafanya mazoezi ya uongo wakati kazi za kweli zimejaa?

Kwa sababu makosa ya zoezi ni bure. Zoezi la mezani halina gharama zaidi ya chai na mihogo. Mnakaa watu kumi na mbili, mmoja anasoma: "Jumamosi, saa 11 jioni, kituo cha afya kinapokea wagonjwa 6 kutoka harusi moja. Umeme umekatika. Mvua inanyesha." Kila mtu aseme anafanya nini, kwa mkono wake, na si "hatua zitachukuliwa". Anayesema hivyo tunamuuliza: na nani? Kwa gari gani? Mafuta yako wapi?

Safari moja wakubwa watatu, kila mmoja, walisema gari watakayotumia. Ilikuwa gari moja hiyo hiyo.

Stoo iwe na nini?

Kwa kipindupindu kipo kipimo cha kuanzia: kwa kila wagonjwa 100 weka pakti 650 za chumvichumvi na chupa 120 za lita moja za maji ya dripu aina ya Ringer, pamoja na mipira yake. Ongeza glavu, ndoo zenye koki, sabuni na klorini. Kwa klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70, kijiko kimoja cha chakula cha kusawazisha katika lita 20 za maji kinatoa maji ya kunawia mikono. Kijiko hicho hicho katika lita 2 kinatoa maji makali ya kusafishia sakafu na vyoo. Yachanganywe upya kila siku. Na tazameni pipa lenyewe, maana nimewahi kufungua moja lililowekwa chini ya bati la moto, nikakuta unga umeshikana kama jiwe na harufu imekwisha. Kwenye daftari lilikuwa bado linahesabiwa.

Sisi wa visiwa vidogo mmetufikiria?

Haijatosha. Kojani, Fundo, Makoongwe na Panza wote wanategemea bahari, na bahari ina kusi na kaskazi, ina maji kujaa na maji kupwa. Mpango unaosema "mgonjwa atasafirishwa" bila kutaja chombo, nahodha na mafuta, kwa mtu wa Panza anayengojea kuvushwa hadi Chokocho, ng'ambo ya pili, hauna maana. Rai yangu, na nimeisema vikaoni: pakti za chumvichumvi na dawa ya kutibu maji ziwekwe huko huko kisiwani kabla ya mvua, kwa mhudumu wa afya ya jamii, na mafuta ya safari moja ya usiku yalipiwe kabla.

Mnajuaje lini mjiandae?

Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba tunazijua wote. Mashimo ya vyoo yanafurika na visima vya karibu vinaingia uchafu. Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Watafiti waliochambua takwimu za kipindupindu za Zanzibar, kazi iliyotoka 2011, waliona kwamba joto likipanda kwa nyuzi 1, miezi 4 baadaye wagonjwa huongezeka mara 2, na mvua ikizidi kwa milimita 200, miezi 2 baadaye huongezeka mara 1.6. Hiyo ni nafasi ya miezi ya kununua, kusafisha na kutibu visima. Tunapoanza kuhangaika mgonjwa wa kwanza akiwa kitandani, nafasi hiyo tumekwisha kuitupa.

Na tusidhani kufuatilia namba ni mambo ya nchi tajiri. Tangu 2008 vituo vya afya vya Zanzibar vinatuma hesabu za malaria kila wiki kwa simu ya mkononi, na wagonjwa wakizidi kawaida inaonekana mapema. Simu zile zile, wauguzi wale wale, wanaweza kwa kuharisha pia.

Mtu akifa kwa kipindupindu, mtatuzuilia mazishi?

Hapana, maiti anazikwa kwa dini yake. Kinachobadilika ni anayeosha na namna ya kuosha: waoshaji wachache waliofundishwa, wenye glavu na klorini, na wanawe vizuri wakimaliza. Sala ipo. Tunachoomba kiahirishwe ni chakula cha pamoja, kwa sababu aliyetoka kuosha maiti akaingia kupakua wali ndiye anayeweza kuupeleka ugonjwa shehia nyengine. Mazungumzo haya yafanyeni na maimamu na waoshaji sasa. Nimeona yakifanywa mbele ya msiba, na siyatamani tena.

Mume wangu anauza juisi ya miwa. Kila mlipuko mnamfungia yeye.

Dada, malalamiko yako ni ya haki. Muuzaji akijua mapema kinachotakiwa, yaani maji yaliyotibiwa, barafu ya maji salama, glasi za kuoshwa kwa sabuni na pahala pa kunawa, basi siku ya ukaguzi wengi hawafungiwi. Wanaofungiwa ni wale tunaowatembelea kwa mara ya kwanza siku ya mlipuko, na hilo ni kosa letu.

Uvumi wa mitandaoni mnaukabili vipi?

Kwa kusema mapema, hata kama tunachokijua ni kidogo, na kwa kutaja saa tutakayosema tena. Kisha tuseme kweli saa hiyo.

Lini mnasema maradhi yamekwisha?

Kwa kipindupindu, wiki 4 zikipita bila mgonjwa mpya, huku vipimo vikiendelea kuchukuliwa. Watu huanza kukunja virago siku ya kumi. Baada ya hapo kuna kikao kimoja ambacho hakuna anayekipenda, cha kuandika kilichoharibika. Safari iliyopita cha kwanza tulichoandika kilikuwa ufunguo wa stoo: ulikuwa mmoja, kwa mtu mmoja, na usiku ule mtu huyo alikuwa harusini Kojani. Sasa ziko tatu, na ya tatu iko kwa sheha.